Máire Ní Chinnéide: Manzi wa Dublin Aliyewapa Madem wa Ireland Fimbo na Mpira

Hebu tuanze na shorti. Ndio, shorti, zile za kawaida unavaa ukienda kukimbia ama kudunda boli mtaani. Tarehe 3 Mei 2025, timu mbili za madem, Dublin na Kilkenny, ziliingia uwanjani kucheza nusu fainali ya mkoa wa Leinster zikiwa zimevaa shorti. Walikuwa wapinzani lakini hiyo mpango walikuwa wameipanga pamoja. Wakaambiwa waziwazi: rudini mvae sketi, ama hakuna mechi. Wakarudi, wakabadilisha, wakacheza. Lakini stori ilikuwa ishatoka, na Ireland nzima ikaanza kubishana juu ya kile mchezaji anavaa kutoka kiunoni kushuka chini.

Mchezo wenyewe unaitwa camogie. Soma kamogi. Kama hujawahi kuuona, usione aibu, wasee wengi huku hawajawahi. Na kama umewahi kupita nayo kwa simu ukadhani ni hoki, uko karibu lakini hujafika. Kwa hoki mpira unakaa chini. Kwa camogie mpira unapaa, dem anaudaka hewani kwa mkono, anauweka kwa ncha pana ya fimbo, anakimbia nao ukiwa umekaa hapo kama yai kwa kijiko, halafu anaupiga unaenda mita kibao. Fimbo inachongwa kwa mti unaoitwa ash. Mpira ni mdogo, saizi ya ule wa tenisi, lakini umefungwa kwa ngozi na una mshono uliotokeza, na ukikupata kwa goti utajua hujui.

Sasa, huu mchezo haukuanguka kutoka mbinguni. Kuna watu waliukalia chini wakautunga, na mmoja wao ndiye nataka ujue leo. Jina lake ni Máire Ní Chinnéide. Usihangaike sana na kutamka, wewe sema kitu kama Moira Ni Hineje na utakuwa umejaribu. Hiyo Ní hapo katikati inaonyesha ni binti wa ukoo fulani, na ukoo wenyewe ndio Waingereza waliuandika Kennedy. Eeh, Kennedy kama yule rais wa Marekani. Kwa Kiingereza basi, huyu alikuwa Mary ama Molly Kennedy tu. Lakini hakutaka kuitwa hivyo, na hapo ndipo stori yake inaanzia.

Alizaliwa 17 Januari 1879 pale Rathmines, upande wa kusini wa Dublin. Rathmines ya enzi hizo ilikuwa mtaa wa watu wamejipanga, Kiingereza juu Kiingereza chini. Ireland yote ilikuwa chini ya Uingereza, na lugha ya wenyewe, Kiairishi, ambayo wao huiita Gaeilge, ilikuwa inakata roho polepole. Njaa kubwa ya kati ya 1845 na 1852 ilikuwa imeua karibu watu milioni moja na kufukuza milioni nyingine, na wengi wa hao walitoka sehemu zile zile ambako Kiairishi kilikuwa bado kinabongwa. Waliobaki waliona mtoto akitaka kupanda meli ya kwenda Marekani, Kiairishi hakitamsaidia.

Na kuna hii, ambayo ukiisikia utaitambua mara moja. Unakumbuka ile disk ya kuvaa shingoni ukibambwa ukiongea lugha ya mama shuleni? Kama hukuivaa wewe, mathe wako ama guka aliivaa. Sasa huko Ireland kwa karne ya 19 walikuwa na kijiti. Mtoto anafungiwa kijiti shingoni, kila akiongea Kiairishi kinachongwa alama moja, na jioni odijo anahesabu alama na kuchapa kulingana. Mabwana ni wale wale.

Máire hakulelewa na hiyo lugha. Aliitafuta. Akiwa bado manzi mdogo alienda likizo Ballyvourney, huko mashambani Cork, kijiji ambako watu walikuwa bado wanaongea Kiairishi cha nyumbani, na akarudi Dublin akiwa amepata ugonjwa usiopona. Fikiria mtoto wa Lavington anaenda ocha likizo moja na anarudi ameamua maisha yake yote yatakuwa ya kuokoa lugha ya shosho. Ndio huyo.

Kichwa alikuwa nacho. Alisomea Muckross, chuo cha masista, halafu akaingia Royal University wakati madem waliokuwa na digrii walikuwa wa kuhesabika. Darasa lake lilikuwa moto: Agnes O'Farrelly, Helena Concannon, wote majina ambayo yangekuja kuandikwa kwa vitabu vya historia. Máire akashinda skolashipu ya Kiairishi, ya kwanza kutolewa na hiyo yunivasiti, pauni 100 kwa mwaka. Kwa wakati huo hizo zilikuwa doh za maana. Yeye alizitumia wapi? Alirudi nazo mashambani, Ballingeary, kusoma lugha zaidi. Baadaye alifundisha huko huko, na alikuwa anafundisha Kilatini kwa kutumia Kiairishi. Juu ya hapo akajiongezea Kifaransa, Kijerumani, Kiitaliano na Kihispania. Sisi tukijua Kiswahili, Kiingereza na Sheng tunajiona professor.

Zile pauni za mwisho za skolashipu alizifanyia kitu ambacho lazima nikuambie. Alizitumia kama mahari ya ndoa yake. Kule kwao, kitambo hicho, mali ilitoka upande wa bibi harusi kuelekea kwa bwana, sio kama huku kwetu ambapo wewe kijana unatoka ruracio ukiwa umebaki na nauli ya matatu peke yake. Kwa hivyo huyu manzi alijitolea mahari mwenyewe, na pesa aliyoishinda kwa kichwa chake. Bwana aliitwa Seán Mac Gearailt, msee wa hesabu kwa idara ya kodi, ambaye baadaye alipanda hadi kuwa mhasibu mkuu wa kwanza wa hiyo idara kwa serikali ya Ireland huru. Waliishi Glasnevin kwanza, halafu Dalkey, kando ya bahari.

Lakini turudi nyuma kidogo, kwa mambo ya fimbo.

Kulikuwa na chama cha kufufua lugha, Gaelic League, kilichoanzishwa 1893. Kilikuwa na matawi kila mahali, na moja la Dublin liliitwa Keating, kwa Kiairishi Craobh an Chéitinnigh. Mbogi ya Keating ilikuwa wengi wao watu wa Kerry waliohamia jijini, na walijiona wao ndio akili ya chama chote. Walikuwa na mdomo, walikuwa na gazeti lao, walikuwa na misimamo mikali. Máire alikuwa mmoja wa walioanzisha hilo tawi. Na tofauti na vyama vingi vya enzi hizo, Gaelic League iliruhusu madem na maboi kukaa chumba kimoja, kusoma pamoja, kucheza densi pamoja. Kwa wazazi wa wakati huo, hiyo tu ilikuwa noma.

Wanaume nao walikuwa na hurling, mchezo wa fimbo wa zamani sana Ireland, uliosimamiwa na GAA tangu 1884. GAA haikuwa tu chama cha michezo. Ilikuwa njia ya kumwambia Mwingereza kwamba sisi tuna vyetu. Hadi ilifika mahali ikapiga marufuku wanachama wake kucheza michezo ya kigeni kama raga, kriketi na soka, na hiyo marufuku ilikaa mpaka 1971.

Sasa madem wafanye nini? Kama ulikuwa manzi wa Dublin mwaka 1900 na ulitaka kukimbia ukitokwa jasho, chaguo zako zilikuwa tenisi, hoki na kadhalika. Zote zilikuwa na harufu ya Uingereza, na zote zilitaka uwe na familia yenye mkwanja. Na juu ya hapo kulikuwa na imani, ya madaktari wengine na viongozi wengi wa dini, kwamba mwanamke akikimbia sana mwili wake utaharibika na hatazaa vizuri. Usicheke sana. Hiyo maneno hata leo ukitembea mitaa fulani utaisikia, imevaa tu nguo mpya.

Basi Máire na beshte yake Cáit Ní Dhonnchadha waliona hapana. Kama maboi wana mchezo wa kwao, na sisi tutakuwa na wetu, na hatutauazima kwa mtu. Cáit alikuwa na kaka, Tadhg Ó Donnchadha, msomi na mshairi wa Kiairishi. Huyo Tadhg ndiye aliandika sheria. Waliuchukua mchezo wa wanaume wakaupunguza kidogo: uwanja mdogo, mpira mwepesi, fimbo fupi. Hata jina ni la hapo hapo. Fimbo ya wanaume inaitwa camán. Fimbo fupi, camóg. Mchezo wa fimbo fupi ukawa camógaíocht, na wanaoongea Kiingereza wakaukata ukawa camogie.

Unaweza sema hapo walikosea kuanza kwa kupunguza. Mimi nimefikiria hivyo pia. Mbona mpira mwepesi? Mbona uwanja mdogo? Lakini kumbuka hawa ni watu waliokuwa wakicheza wakiwa na sketi ndefu inayofika viatuni, blauzi ya mikono mirefu na kola iliyobana shingo. Sasa kimbia na hiyo. Ruka na hiyo. Sketi zilikuwa ndefu kiasi kwamba ilibidi sheria iseme ni kosa mchezaji kusimamisha mpira na sketi yake makusudi. Yaani kuna mtu alikuwa ameshajaribu, ikafanya kazi. Hiyo sheria hainitoki kichwani, kwa sababu inakuonyesha hawa madem walikuwa wanataka kushinda. Hawakuwa wamekuja kupigwa picha.

Ile siku yenyewe ilikuwa 17 Julai 1904, mji wa Navan, kaunti ya Meath. Kulikuwa na feis, sherehe ya muziki, lugha na michezo, watu wamejaa. Hapo ndipo camogie ilichezwa mbele ya umma kwa mara ya kwanza: Keating dhidi ya Cúchulainns, timu mbili za Dublin. Máire alikuwa uwanjani, miaka 25. Keating walishinda kwa 1-0.

Hiyo 1-0 acha nikufafanulie, kwa sababu sio kama ya boli. Kwa camogie, namba ya kwanza ni magoli, ya pili ni pointi. Mpira ukipita chini ya mwamba ni goli, na siku hizi goli ni pointi 3. Ukipita juu ya mwamba katikati ya nguzo ni pointi moja. Kwa hivyo siku hiyo mechi nzima ilizaa goli moja na pointi sufuri. Mechi kavu, ukipenda. Lakini hiyo goli moja ndiyo kila dem anayecheza leo amesimama juu yake.

Mwezi uliofuata, Agosti 1904, sheria zikachapishwa kwa Banba, lile jarida la Keating. Na Februari 1905 wakakutana Dublin, North Frederick Street, wakaunda chama. Wakahitaji rais. Wakamchagua Máire. Alikuwa na miaka 26. Wewe ukiwa na 26 unaweza kuwa bado unangojea kuitwa intavyuu.

Ningependa kukuambia kwamba kutoka hapo kila kitu kilishika. Wapi. Kwa ground vitu vilikuwa tofauti. Klabu zilianza na kufa. Chama chenyewe kililegea hadi kikabidi kiundwe upya 1911, na aliyekisukuma safari hii alikuwa jamaa anaitwa Seán O'Duffy, msee ambaye angekuja kukitumikia kwa miaka mingi. Vyuo vikuu vikapata kombe lao, Ashbourne Cup, 1915. Ubingwa wa Ireland nzima ulikuja kuanza mwaka wa 1932, na Dublin wakauchukua wakiiosha Galway. Hesabu hapo: kutoka ile goli ya Navan hadi ubingwa wa kwanza wa taifa ni miaka 28. Manzi aliyecheza Navan akiwa na 25 alikuwa mama wa miaka 53 akisubiri. Kombe la mabingwa leo linaitwa O'Duffy Cup. Ni la haki, jamaa alijitoa. Lakini unaona vile mambo huenda: wanawake wanabuni, kombe linabeba jina la mwanaume.

Na hapo katikati, nchi ilikuwa inawaka.

Mwaka 1914 wanawake wa Dublin waliunda Cumann na mBan, jeshi la akina mama la kupigania uhuru. Aliyeongoza mkutano wa kwanza alikuwa nani? Agnes O'Farrelly, yule classmate wa Máire, ambaye pia alikuja kuwa rais wa chama cha camogie. Dunia yao ilikuwa ndogo hivyo. Watu waliokuwa wanacheza Jumapili ndio walikuwa kwa darasa la lugha Jumatano na kwa mkutano wa siri Ijumaa. Máire naye aliingia Cumann na mBan wakati wa vita vya uhuru.

Kule Keating, rais wa tawi alikuwa Cathal Brugha, na makamu wake alikuwa Máire. Brugha alikuwa mgumu. Kwa maasi ya Pasaka ya 1916 alipigwa risasi na majeraha mengi kiasi kwamba watu waliamini amekwisha, na bado akapona akarudi kupigana. Walijenga lile tawi pamoja, wakabishana juu ya sarufi pamoja, wakaota nchi moja.

Halafu Desemba 1921 mkataba na Uingereza ukasainiwa. Sehemu kubwa ya Ireland ingejitawala, lakini ingebaki chini ya mfalme, na kaskazini ingebaki nje. Chukua hiyo ama kataa yote. Nchi ikapasuka katikati. Brugha akakataa. Máire akakubali. Ndugu wakaanza kuuana. Julai 1922 Brugha alipigwa risasi katikati ya Dublin na wanajeshi wa serikali mpya, ile serikali ya upande ambao Máire aliuchagua, na akafa siku mbili baadaye. Walikuwa wameketi meza moja kwa miaka. Hiyo sio kitu unaweka kwa hotuba ya kusifu mtu, lakini huwezi kuijua stori ya Máire ukairuka. Cumann na mBan wengi walikataa mkataba, kwa hivyo kwa wenzake wengi yeye alikuwa upande usiofaa.

Baada ya vita alirudi kwa kile alichokuwa akikifanya siku zote: lugha. Alikuwa ashaandika michezo ya kuigiza ya watoto kwa Kiairishi tangu kitambo. Mwaka 1923 akatoa tafsiri ya hadithi za Grimm, ili mtoto wa Ireland aweze kusoma stori za mazimwi na wachawi kwa lugha ya kwao. Akajiingiza kwa teatro ya Kiairishi pale Dublin. Akawa mwanamke wa kwanza kuwa rais wa Oireachtas, ile tamasha kubwa ya lugha. Ukiona orodha ya kamati alizokaa unachoka kwa niaba yake.

Lakini kazi yake ambayo watu wa Ireland wengi wameigusa kwa mikono yao, na wengi wameilaani, ni kitabu.

Upande wa magharibi kabisa, Kerry, kuna visiwa vinaitwa Blasket. Kile kikubwa kilikuwa na watu wachache waliovua samaki, wakafuga kondoo, na kuongea Kiairishi safi kabisa. Hapo aliishi mama mmoja, Peig Sayers, mzaliwa wa 1873, aliyeolewa akahamia kisiwani. Mama huyu alikuwa fundi wa hadithi. Angekaa kando ya moto akakuhadithia hadi ukasahau kula. Maisha yalikuwa yamempiga vibaya: alizika watoto kadhaa, mmoja wao alianguka kutoka kwa jabali. Na alikuwa na kitu kimoja kinachouma: hakuweza kuandika lugha yake mwenyewe. Shuleni alifundishwa Kiingereza. Unaona ile kijiti kinafika wapi.

Máire alikuwa akienda kisiwani, kama wasomi wengi wa wakati huo. Yeye na mwalimu mwingine wa Dublin, Léan Ní Chonalláin, walimsukuma Peig aweke maisha yake kwa karatasi. Peig akasimulia, mwanawe Mícheál, ambaye alikuwa mshairi na aliwahi kujaribu maisha Marekani akarudi, akaandika, na karatasi zikatumwa Dublin. Máire akazihariri. Mwaka 1936 kitabu kikatoka, jina lake Peig tu. Mwaka 1939 kikafuata cha pili, na hicho pia Máire ndiye alikihariri.

Sasa hapa lazima niwe mkweli na wewe. Wasomi wa baadaye wamelalamika kwamba Peig wa kwa kitabu sio Peig wa kando ya moto. Waliomsikia ana kwa ana walisema alikuwa mcheshi, na stori zake zingine zilikuwa na pilipili. Kwa kitabu amekuwa mama wa huzuni, sala na machozi, ukurasa baada ya ukurasa. Wengine wanamlaumu mwanawe, wengine wanamlaumu mhariri. Mimi naona Máire hawezi kuchomoka hapo mzima. Alitaka dunia imheshimu Peig, na kwa Ireland ya miaka ya 30, iliyokuwa chini ya mkono wa kanisa, mwanamke wa kuheshimiwa hakufaa kucheka sana. Dem aliyevunja sheria kwa uwanja wa Navan akawa mwangalifu alipokuwa na kalamu nyekundu.

Halafu serikali ikafanya kosa ambalo serikali zote hufanya. Ilichukua hicho kitabu ikakifanya setbook. Kuanzia miaka ya 60 hadi katikati ya miaka ya 90, wanafunzi wa sekondari Ireland walisoma Peig kwa mtihani wa mwisho, na vizazi vizima vikamchukia yule mama wa kisiwani. Ukitaka kuona mtu mzima wa Ireland akikunja uso, mtajie Peig. Wewe umesoma setbook za KCSE, hiyo hisia unaijua. Kitu kizuri, ukikilazimishwa saa mbili asubuhi Jumatatu na odijo mwenye kiboko, kinageuka dawa chungu.

Lakini bila hicho kitabu, sauti ya Peig ingebaki wapi? Kisiwa cha Blasket kilihamwa 1953. Watu wa mwisho waliondolewa kwa sababu walikuwa wachache sana kuendelea kuishi hapo. Peig alifariki 1958, akiwa bara. Leo ukienda huko utapata kuta za mawe bila paa na kondoo. Maneno yake yako kwa maktaba kwa sababu kuna mtu wa Rathmines, ambaye hata hakuzaliwa na hiyo lugha, aliyemwambia yanafaa kuandikwa.

 Máire alifariki 25 Mei 1967, miaka 88. Mwaka mmoja kabla, Dublin walikuwa wamechukua ubingwa wa camogie wa Ireland mara ya kumi mfululizo. Mara kumi. Hiyo ni rekodi inayokufanya uhurumie timu zingine.

Baada yake mchezo uliendelea kukua. Timu zilikuwa za watu 12 kwa miaka mingi, halafu 1999 zikawa za 15 kama za wanaume, na uwanja ukawa mkubwa. Fainali huchezwa Croke Park, ule uwanja mkubwa kabisa wa Dublin unaobeba watu zaidi ya 80,000. Mwaka 2018 UNESCO ikaweka hurling na camogie pamoja kwa orodha yake ya urithi wa utamaduni wa dunia.

Kilichobaki nyuma ni sketi. Ilifupishwa, ikabadilishwa kitambaa, ikashonewa shorti ndani ili isipepee, lakini jina na umbo likabaki sketi. Wachezaji walisema inawabana, inawafanya wawe na wasiwasi na kamera, hasa wakiwa kwa hedhi. Mara kadhaa hoja ya kuibadilisha ilipelekwa kwa mkutano wa chama, ikakataliwa. Mwaka 2024 ilikataliwa tena. Wakaambiwa itasubiri hadi 2027. Ndio maana Dublin na Kilkenny wakaingia na shorti ile Mei.

Fainali ya mkoa wa Munster ikaahirishwa ghafla wachezaji walipotishia kufanya vile vile. Wanasiasa wakaanza kuongea. Chama kikaona moto, kikaita mkutano maalum pale Croke Park tarehe 22 Mei 2025. Siku 3 zaidi na ingekuwa imetimia miaka 58 tangu rais wao wa kwanza aage. Swali lilikuwa moja: mchezaji achague mwenyewe, sketi ama shorti?

Asilimia 98 walisema ndio. Sheria mpya ikaanza kutumika saa sita usiku huo huo.